Meza Mbili Usiku wa Bonasi

Anayetaka kuuona mji wa Kisii umevaa nguo za sikukuu asingoje Krismasi. Aende Oktoba, wakulima wa majani chai wanapomaliza kulipwa bonasi. Foleni za benki hufika nje ya mlango, wauza mabati hawapati muda wa kula, shule hulipwa karo iliyodaiwa tangu Januari, na jioni hoteli za ghorofani hukosa meza. Kwa wiki chache mji hushikwa na tabia za miji ya kasino: pesa zimeingia kwa mkupuo, hakuna aliyejua mapema zingekuwa ngapi, na kila mtu anataka kula vizuri kabla hazijakwisha.

Mimi ni mtu wa Mombasa, na mambo hayo si mageni kwangu. Kwetu Nyali mkahawa wa Tamarind, unaosifika kwa kamba na kaa wake, ulikuwa na kasino ya Golden Key papo hapo. Mtu alimaliza sahani yake akiitazama Bandari ya Kale ng'ambo ya maji, kisha akaenda kujaribu bahati. Wenye kasino wa Las Vegas waliijua hesabu hiyo zamani, ndiyo maana kwa miaka mingi waliuza chakula kizuri kwa bei ya kutupa: aliyeshiba hana sababu ya kutoka, na asiyetoka huendelea kucheza. Kwa hiyo rafiki yangu, tuliyefanya naye kazi ya ukarani kwenye ghala la chai Shimanzi, aliponiambia kuwa wazazi wake wa Nyamira wanataka kunipeleka Kisii kula chakula cha jioni "mahali pa wakubwa" kwa pesa za bonasi, sikuuliza mara mbili. Nilitaka kuona karamu ya kamari ikoje mahali pasipo na kasino.

Vilima vile nilivijua kwa majina kabla ya kuviona kwa macho. Kebirigo, Sanganyi, Tombe, Gianchore za Nyamira. Kiamokama, Nyamache na Ogembo za Kisii: yote ni majina ya viwanda, na yote yalinipitia mkononi yakiwa yamepigwa chapa kwenye magunia ya karatasi, nikiyahesabu na kuyatia alama. Niliyajua kama tarishi anavyozijua anwani za watu asiowahi kunywa maji kwao.

Kutoka Nairobi matatu hushuka Mai Mahiu, hupita Narok penye ngano, hufika Bomet na kuanza kupandisha na kuteremka kati ya chai. Baada ya Sotik ardhi bado ina nafasi. Upande wa Borabu walikaa masetla, na uhuru ulipokuja mashamba yao yakakatwa vipande vikubwa vikubwa kwa wenyeji. Ukifika Keroka, mji ambao kaunti mbili zinaugombania, nafasi hiyo imekwisha. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii na 605,576 Nyamira, na hao wote wanaishi kwenye vilima ambavyo ukipata dereva mwenye haraka unavivuka kabla hujaona njaa. Hakuna shubiri iliyoachwa bure. Ndizi zimeizunguka nyumba, chai imeshika mteremko, nepia ya ng'ombe iko kando ya njia, mkaratusi umesimama mpakani, na kaburi la babu limekaa katikati ya migomba, nalo linapaliliwa.

Mvua ya alasiri ilitukuta Kisii mjini, ikatusindikiza mpaka Nyamira na kukoma tulipokuwa tunapanda kwa miguu kutoka barabarani, juu kidogo ya Kebirigo. Ilikuwa Ijumaa. Mama wa nyumba alitupokea mlangoni kwa "Bwairire" na kicheko, nami nikajibu "Mbuya mono" kwa lafudhi iliyowafurahisha watoto. Kabla sijakaa alinitolea jogoo na kisu.

"Wewe ni Mwislamu," alisema. "Chinja mwenyewe, ule moyo ukiwa umetulia."

Mume wake ni mzee wa kanisa la Waadventista Wasabato, waliofungua misheni Nyanchwa, kilima kinachoutazama mji wa Kisii, zaidi ya miaka mia iliyopita. Tulipoketi tuligundua tunapatana kwa mambo matatu: nguruwe haliwi, pombe hainywewi, kamari haichezwi. La nne ndilo lililotutenga. Kanisa lake linawashauri waumini wajiepushe na chai na kahawa, na Mzee amelima chai tangu ujana bila kuionja. Nilikaribishwa kwa uji wa wimbi.

"Mzee, unawauzia watu kitu usichokinywa?" nilimchokoza.

"Shamba ni la Mungu," alijibu. "Tumbo ni langu."

Jua likiwa bado na kimo kidogo alinipeleka shambani, maana likishatua tu Sabato ingeingia na kazi isingezungumzwa tena. Chai huchumwa majani mawili na kichipukizi, na kila mche hurudiwa baada ya wiki moja au mbili. Mchumaji hubeba kikapu mgongoni, hupeleka kwenye kituo, na majani yake hupimwa na kuandikwa kwa namba ya mkulima. Kiwandani zinahitajika zaidi ya kilo nne za majani mabichi kupata kilo moja ya chai kavu. Kila mwezi mkulima hulipwa kiasi kidogo kwa kilo, shilingi zisizofika thelathini, za kumlipa mchumaji na kununua sabuni. Zinazobaki husubiri mwaka wa hesabu ufungwe mwisho wa Juni, chai iwe imeuzwa, gharama za kiwanda zimeondolewa, ndipo itangazwe bonasi.

Hapo katikati, kati ya kituo na bonasi, ndipo pasipoonekana kutoka mteremko wa Kebirigo. Ndipo nilipofanyia kazi mimi. KTDA, iliyoanza mwaka 1964 kama mamlaka ya serikali na kugeuzwa kampuni ya wakulima wadogo mwaka 2000, hupeleka chai ya viwanda hivi Mombasa kwenye mnada. Mnada huo ulianza Nairobi mwaka 1956 ukahamia kwetu mwaka 1969, na siku hizi unauza chai ya Kenya pamoja na ya Uganda, Rwanda, Burundi, Tanzania na wengine, kwa dola. Pakistan ikinunua kwa wingi bei hupanda. Misri ikikosa dola, hushuka. Shilingi yetu ikidhoofika mkulima hupata nafuu asiyoitafuta, ikipata nguvu hukatwa bila kukosea. Mwaka 2021 serikali iliweka bei ya chini ya dola 2.43 kwa kilo ya chai ya viwanda vya KTDA ili kumkinga. Wanunuzi wakaikwepa ile ya daraja la chini, ikakaa. Nakumbuka magunia yakipanda mpaka karibu na mabati ya ghala, na majina ya vilima hivi yakiwa mengi miongoni mwake. Baadaye amri ile ikaondolewa.

Mzee alisikiliza yote akiwa ameshika kichipukizi kati ya vidole viwili. Hajawahi kufika Mombasa. Alitaka kujua wanunuzi wanaijuaje chai nzuri.

"Wanaionja, Mzee. Vikombe vinapangwa mezani, mwonjaji anavuta funda kwa kijiko, analizungusha mdomoni, kisha anatema."

"Anatema?"

"Kila funda."

Alicheka mpaka akashika mche. "Kumbe hao ni Wasabato wenzangu."

Mwaka huo, 2025, hakukuwa na mengi ya kucheka. Viwanda vya magharibi mwa Bonde la Ufa, vya Kisii na Nyamira vikiwemo, vilitangaza bonasi ndogo kwa mbali kuliko vya Mlima Kenya, na wakulima wakaandamana. Wasimamizi walitaja ubora wa majani na bei ya sokoni. Wakulima walitaja mikopo ya viwanda, gharama na mikono mirefu. Mzee alikuwa na msemo wake mwenyewe: majani yake yanapimwa mbele yake, lakini bei yake inapimwa mahali asipoweza kusimama. Niliyaelewa maneno hayo zaidi kuliko alivyodhani. Watu husafiri kwenda kuutafuta mji wa kamari. Mimi nilikuwa nimetoka humo. Meza ya Mzee iko Nyerere Avenue, Mombasa, hatua chache kutoka nilipokuwa nikinywa kahawa yangu ya asubuhi.

Nilimwambia hivyo, kwa mzaha wa nusu. Hakuupenda.

"Mcheza kamari akichoka anainuka mezani," alisema. "Mimi nitainuka niende wapi? Mche huu nilipandiwa na baba yangu. Nikiung'oa nipande nini?"

Na kamari yenyewe ya kweli haiko mbali naye. Kwenye kituo cha maduka karibu na kwao zilikuwapo zamani zile mashine za kutumbukiza sarafu ya shilingi ishirini, zikiimba tangu asubuhi nyuma ya duka la unga, watoto wa shule wakichungulia. Fred Matiang'i, mzaliwa wa Nyamira hii hii, alipokuwa Waziri wa Usalama wa Ndani, mashine hizo zilisakwa na kuteketezwa, na mwaka 2019 kampuni kubwa za kubashiri zikanyimwa leseni. Hazikukaa nje muda mrefu. Sheria ya kamari ya 1966, iliyotungwa wakati kamari ilikuwa jambo la ukumbi wenye mlango na bawabu, ilidumu mpaka Agosti 2025 ilipotiwa saini mpya ya kusimamia michezo ya mitandaoni. Hivi sasa kasino imo kwenye simu ya mwendesha bodaboda: kale kandege ka Aviator kanapanda, kanapanda, na kumpotelea pamoja na nauli ya asubuhi. Mzee anawaonea huruma vijana hao. Wao nao, nilipowauliza, walisema wanawaonea huruma wakulima wa chai, kwa sababu kandege hakamfanyi mtu asubiri mwaka mzima.

Jumamosi ilipita kanisani kwao na kivulini kwangu. Jua lilipozama na Sabato kutoka, gari la kukodi lilikuwa limekwisha kusimama barabarani. Mzee alivaa koti la sherehe. Mama alivaa kitenge kipya na viatu alivyovibeba mkononi mpaka lami. Tuliteremka kuelekea Kisii, ukingo wa Manga ukiwa mweusi upande mmoja, na tulipozunguka kona ya mwisho mji ukatokea chini, taa juu ya taa kwenye shimo la vilima. Wenyeji huuita Getembe, na huelezwa kwamba mtabiri Sakagwa aliziona taa hizo na majumba hayo kabla ya mzungu wa kwanza kufika. Jumamosi usiku mitaa ya Kisii haina habari ya kulala. Magari yalikuwa yamebanana Moi Highway, wauza mahindi ya kuchoma wakipita katikati, na vipaza sauti vya maduka vikishindana.

Hoteli ilikuwa ghorofa ya juu, vitambaa vyeupe mezani, glasi za shingo ndefu, mpishi mwenye kofia ndefu amesimama nyuma ya kioo. Kutoka dirishani rafiki yangu alinionyesha upande ambako mwaka 1908 kijana Otenyo alimchoma mkuki mkuu wa wilaya, Northcote, na Waingereza wakalipiza kwa kuchoma nyumba na kuchukua ng'ombe. Northcote alipona. Alipanda cheo mpaka mwaka 1937 akawa Gavana wa Hong Kong, ng'ambo ya maji kutoka Macau, mji ambao leo hakuna unaoushinda kwa mapato ya kasino. Mkuki wa Getembe ulikaribia kuipunguzia dola ya Uingereza gavana mmoja wa mashariki ya mbali.

Mhudumu alikuwa ametuandalia meza moja ndefu yenye maua katikati. Mzee aliitazama, hakukaa.

"Tutakuwa meza mbili," alisema taratibu.

Kijana alidhani kuna ugomvi, akaanza kuomba radhi. Hakukuwa na ugomvi wowote. Kulikuwa na chinsoni, haya na heshima inayopanga nani wa kizazi kipi aketi na nani. Mke wa rafiki yangu ni mkaza mwana wa Mzee, na mkaza mwana hakai akala uso kwa uso na baba mkwe wake, awe ndani ya nyumba ya udongo au kwenye hoteli ya lifti. Basi maua yakagawanywa. Mama, mkaza mwana wake na watoto walikaa karibu na dirisha. Mzee, mwanawe, mzee mwenzake wa kanisa na mimi tukakaa karibu na nguzo, migongo ikiwa imetazamana kwa adabu. Nimeona hoteli ghali zikijisumbua kubuni taratibu za mezani, uma wa kwanza na kisu cha tatu. Hapa wageni walikuja na taratibu zao, kongwe kuliko jengo, na hoteli ndiyo iliyolazimika kujifunza.

Chakula kilikuja kwa awamu. Supu ya malenge ilitangulia, laini, yenye tone la maziwa juu. Kisha ngege kutoka Ziwa Victoria, ambalo liko karibu kuliko mgeni anavyodhani kwenye baridi ile, amekaangwa mzima na kuwekewa limau. Kisha mbuzi wa kuchoma, amekatwa vipande vidogo na kurundikwa kama wafanyavyo wapishi wa Nairobi, kimnara ambacho Mzee alikibomoa kwa uma kabla ya kuomba dua. Mvinyo haukuulizwa. Glasi zile za shingo ndefu zilijazwa maji ya karakara, na mzee mwenzetu aliinyanyua yake kwenye taa akaitazama kwa muda, akitabasamu.

Sahani kuu ilikuwa ile niliyoijia. Mhudumu aliileta kwa mikono miwili: ugali wa wimbi, mweusi mwekundu, umekaa ndani ya kikapu kidogo kilichosukwa, ekee, na pembeni chinsaga kwenye bakuli la jiwe la Tabaka, la rangi ya waridi, lililosuguliwa kwa msasa na maji mpaka likang'aa. Chinsaga ndiyo mgagani wa Waswahili, mboga chungu ambayo utotoni kwetu ilionekana chakula cha asiye na samaki. Kwenye orodha ya hoteli bakuli hilo lilikuwa na bei ya kumfanya mtu asome tena. Wimbi lilikuwa na ule mchanga mchanga wake mzuri ulimini, joto lililokaa ndani, na chinsaga ilikuwa kijani kibichi, ina maziwa, ina uchungu ulioamka vizuri baada ya mbuzi. Nilikula nikanyamaza.

Kutoka meza ya dirishani nilisikia sauti ya Mama ikimwambia mhudumu, bila ukali, "Mwanangu, hii haijalala."

Alikuwa sahihi. Chinsaga ya kwao huchambuliwa jani kwa jani, huchemshwa sana, hutiwa maziwa, hulala chunguni, asubuhi huongezwa maziwa na kurudishwa motoni, na siku ya pili au ya tatu ndipo uchungu unapokuwa umelainika na kubaki ladha tu. Mpishi wa kofia ndefu alikuwa ameipika ibaki kijani kwa sababu wageni wa Nairobi hula kwa macho. Lakini asije mtu akadhani Mama alikuwa anaitamani sufuria yake. Alimwita mhudumu tena, akaagiza bakuli la pili, akaegemea kiti. Mkaza mwana wake alinieleza siku iliyofuata kuwa Mama alisema kitu kimoja tu kuhusu hoteli ile njia nzima: kwamba amekula, ameinuka, na hajaosha hata kijiko. Sisi waandishi wa safari hupenda kusifia chungu cha kijijini dhidi ya meza ya kitambaa cheupe. Mara nyingi hatuosheshwi chungu hicho.

Mhudumu wetu alikuwa kijana mchangamfu, mwanafunzi wa chuo likizoni. Kila alipogeuka simu yake ilikuwa mfukoni mwa aproni, inawaka. Alikuwa ameiwekea pesa Shabana, timu ya Kisii iliyorudi Ligi Kuu mwaka 2023 baada ya miaka kumi na saba nje, na ambayo mashabiki wake hujaza viwanja vya watu kwa kelele za "Tore Bobe". Nilimuuliza kama kuibashiria timu ya nyumbani ni mapenzi au hesabu. "Ni mapenzi," alisema, "ndiyo maana nakula hasara." Mzee aliyasikia hayo, akamtazama yule kijana kwa makini zaidi kuliko alivyokuwa amemtazama usiku kucha. Nadhani alimfahamu.

Bili ililetwa ndani ya kijalada cha ngozi, ikawekwa mbele ya Mzee kwa kuwa ndiye mwenye mvi nyingi. Aliifungua, akaifunga, akaenda kunawa mikono ambayo alikuwa amekwisha kuinawa. Aliporudi alishika simu yake, akaiweka chini. Bonasi ile ya mwaka ilikuwa imekwisha kupita mikononi mwa chama cha akiba, karo ya chuo na mbolea ya kukopa. Rafiki yangu aliinua macho na kuyashusha: hakuweza kulipa mbele ya baba yake bila kumvunjia heshima aliyoialikia watu. Kisha simu ya Mzee ikatetemeka mezani. Alivaa miwani, akasoma ujumbe wa M-Pesa, akavua miwani. Hakugeuka kutazama meza ya dirishani, na dirishani hakuna aliyegeuka. Alimwita mhudumu kwa sauti ya mwenye nyumba, akalipa kwa mkono wake, akaacha na za shukrani.

Mtumaji wa pesa zile nilimjua vizuri zaidi Jumatatu, nilipomsindikiza soko la Daraja Mbili. Jumatatu na Alhamisi soko hilo huwa haliingiliki. Malori ya ndizi yamepakiwa mpaka yanainama, parachichi zimo kwenye makreti, miwa imeegemezwa ukutani, na wanawake wamekaa nyuma ya marundo ya kijani: chinsaga, rinagu, enderema, majani ya maboga. Mama ana wanunuzi wake, na mmoja wao husafirisha mboga usiku zifike Nairobi alfajiri. Aliniambia kazi yake kwa ufupi. Mboga inaliwa ndani ya wiki chache tu tangu ichomoze ardhini. Maua yanakatwa yakichomoza, majani yakaendelea kuja. Kipande chake ni kile kilichobaki kati ya chai na boma la ng'ombe, na samadi anaipata bure. Wiki mbaya anauza kidogo, wiki njema anauza kingi, lakini hakuna wiki isiyouza. Jioni anajua amepata nini. Zinazobaki zinaingia kwenye chama chao cha akina mama.

Namba ya mkulima wa chai iko kwa jina la Mzee, na akaunti ya benki pia, hivyo ndivyo ilivyo katika boma nyingi huku. Namba ya simu ya mboga ni ya Mama. Kwa miaka mingi hakuna aliyeona haja ya kulinganisha hizo mbili. Mboga ilikuwa ya mchuzi, chai ilikuwa ya maendeleo, na miaka ya sukuma wiki ilikaribia kuisukuma chinsaga nje ya bustani kabisa. Kisha watu wa mjini wakaanza kuitafuta, supamaketi zikaifunga kwa mpira, mpishi wa kofia ndefu akaitia kwenye bakuli la jiwe. Soko limempandia Mama bila kumwomba ang'oe kitu.

Nilimuuliza kwa nini basi Mzee asipunguze chai. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa habari za mtu mgonjwa wa nyumbani kwake. Chai ndiyo iliyojenga nyumba, alisema, ndiyo iliyosomesha wakubwa, na mwaka wa bei nzuri haina mpinzani. Anachotaka yeye ni mistari miwili ya mwisho, ile ya chini karibu na kijito, ambako chai haijawahi kuota vizuri. Ameshamwambia. Mzee amesema atafikiri. "Ataitoa," Mama alisema, akihesabu noti. "Nimempa mpaka mvua ya Machi."

Anayepanga safari ya namna hii na afanye hivi. Afike Ijumaa mchana, kabla Sabato haijafunga jikoni na mashamba, na aombe kuonyeshwa chai kwanza. Chakula cha usiku mjini akiweke Jumamosi baada ya jua kuzama, maana kabla ya hapo hatapata wa kumkalia mezani. Aagize wimbi na chinsaga, na aulize kama imelala. Akialikwa na familia, asijipangie kiti. Na Jumatatu asiondoke asubuhi, apite Daraja Mbili anunue mboga kwa mkono wa aliyeipanda, alipe papo hapo. Katika biashara zote nilizozikuta safari ile, za chai, za mpira na za kandege, hiyo ndiyo pekee ambayo anayefanya kazi hutaja bei yake mwenyewe, na ndiyo iliyolipa bili.